Amesimama au Amesimamishwa? Njeo na Ukweli katika Kuisoma Picha ya Barabara ya Albertville

Picha ninayoijadili hapa ni kadi ya posta ya mji wetu wa Kalemie, ya wakati ulipoitwa Albertville. Inaonyesha barabara ya udongo inayoteremka kuelekea ziwani. Kushoto kuna duka lenye baraza, kulia kuna miti mitatu na nguzo za waya, na chini kabisa ziwa linaonekana kama mstari mweupe. Nyuma ya miti yametokeza mabehewa mawili ya mizigo. Barabarani na barazani nimehesabu watu kumi na wanne. Chini ya picha pamechapwa maneno machache ya Kifaransa: jina la mji, kisha "une rue", yaani barabara fulani. Hakuna tarehe, hakuna jina la mpiga picha, wala la hata mmoja wa wale kumi na wanne. Kadi yenyewe imehifadhiwa na familia moja hapa Katanika, nayo ilikubali tutoe nakala kwa ajili ya zoezi la kuandika maelezo ya picha.

Baada ya zoezi nilikabidhiwa aya za wanafunzi wote nizisome kwa niaba ya jarida. Nilitazamia kukuta makosa ya upatanisho wa ngeli, maana hayo ndiyo tunayosemwa nayo kila mwaka. Niliyakuta, lakini si hayo yaliyonishughulisha. Karibu kila aya ilikuwa na sentensi za namna hii:

Mwanamke mmoja anavaa kitenge na anabeba beseni. Mwanamume anasimama karibu na baiskeli. Watoto wawili wanakaa barazani. Watu hawa hawavai viatu. Wanawake wanauza matunda.

Hakuna asiyeelewa sentensi hizo. Hata hivyo kila moja inadai jambo ambalo picha haikusema, na dai hilo limo ndani ya kiambishi kidogo cha silabi moja.

Tuanze na lililo jepesi. Katika Kiswahili cha vitabuni, "anavaa" ni tendo linaloendelea: mkono mmoja umekwisha kuingia, wa pili bado. Aliyekwisha kumaliza na sasa yumo ndani ya nguo "amevaa". Kwa hiyo msomaji wa Zanzibar au wa Nairobi akiisoma sentensi ya kwanza atamwona mama wa watu anajifunga kitenge katikati ya barabara, mbele ya wapita njia. Vivyo hivyo "anasimama" ni mtu anayeinuka kutoka kitini au anayekoma kutembea. Aliyekwisha kutulia juu ya miguu yake "amesimama". Viko vitenzi vingi vya jamii hiyo: kukaa, kulala, kuinama, kuegemea, kushika, kubeba, kunyamaza, kuchoka. Vyote vinataja kuingia katika hali fulani, na ili kusema kwamba mtu sasa yumo katika hali hiyo, Kiswahili hutumia -me-.

Kosa hili lina wazazi wawili. Mmoja ni Kifaransa, ambacho njeo yake ya sasa hubeba mambo yote mawili bila kuyatenganisha. Wa pili ni Kiswahili chetu wenyewe cha barabarani, ambamo "anavala kikwembe" hutosha, na nyumbani hakuna anayekucheka. Sina ugomvi na usemi huo. Kiswahili cha Kalemie kina sheria zake, na anayekiita kibovu hajakisikiliza. Ninachosema ni kwamba tunapoandika sanifu tumepewa vyombo viwili mahali ambapo Kifaransa kina kimoja, na ni hasara kukiacha kimoja kabatini. Hasara hiyo huwa kubwa zaidi tunapoandika juu ya picha, na sababu inaonekana vizuri tukiitazama picha moja ya zamani sana, ya mbali na hapa.

Mwaka 1838, au hapo karibu, Louis Daguerre alielekeza kamera yake nje ya dirisha mjini Paris, juu ya barabara pana iitwayo Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara ya michezo ya kuigiza na maduka, yenye magari ya farasi na watu wengi. Lakini picha iliyotoka kwenye sahani yake ya shaba iliyopakwa fedha inaonyesha barabara tupu. Nyumba zipo, miti ipo, mawe ya njia yapo, ila watu wametoweka. Sahani za wakati ule zilihitaji mwanga wa dakika kadhaa kabla ya kushika sura, na mtu anayetembea hakai mahali pamoja hata sekunde mbili. Farasi walipita, wanawake wenye vikapu walipita, na sahani haikushika hata mmoja wao.

Isipokuwa mtu mmoja. Chini, upande mmoja wa njia, ameonekana mtu aliyesimama huku ameinua mguu mmoja. Alikuwa anang'arishiwa viatu. Kwa kuwa ilimbidi atulie hadi kazi iishe, alikaa muda wa kutosha mpaka sahani ikamshika. Anayeng'arisha yupo pia, kama kivuli kilichoinama. Huyu mteja na mng'arishaji wake hutajwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera, na hakuna anayejua majina yao. Samuel Morse, yule Mmarekani wa simu za waya, aliiona kazi ya Daguerre mwezi Machi 1839 na kumwandikia ndugu yake barua iliyochapishwa gazetini New York mwezi uliofuata. Alieleza kwamba miguu ya mtu yule ilionekana wazi kwa sababu ilitulia, lakini kiwiliwili na kichwa havikuonekana vizuri kwa sababu vilikuwa vinatikisika. (Daguerre mwenyewe hakupata bahati mwezi ule: siku aliyomtembelea Morse ili kuona mtambo wake, jumba lake la maonyesho liliteketea kwa moto.)

Sasa itazame picha hiyo kwa jicho la Mswahili. Waliosalia ndani yake ni wa -me-: amesimama, ameinama, ameinua mguu. Waliofutika ni wa -na-: wanatembea, wanakimbia, wanaendesha. Kamera ile ilikuwa na sarufi ya njeo moja. Kamera zilizofuata ziliongezewa kasi, lakini hata leo picha isiyotembea haina mwendo ndani yake. Ina hali tu. Mwendo tunauongeza sisi tunaoitazama.

Nikirudi kwenye kadi ya Albertville, napata mtu mmoja tu anayestahili -na- bila ubishi. Kuna wanawake watatu wenye mabeseni kichwani. Wawili wako wazi kabisa, mikunjo ya nguo zao inahesabika. Wa tatu, aliye karibu zaidi na ukingo wa picha, mguu wake wa nyuma umefifia na pindo la nguo limekuwa kama moshi. Ukungu ule ndio ushahidi wetu: kamera ilipofunguka na kufungwa, yeye alikuwa anatembea. Wenzake wawili walikuwa wamesimama. Katika aya nilizosoma, wote watatu "wanatembea kwenda sokoni". Soko halimo pichani. Na ni mmoja tu anayetembea, tena kwa kupanda, akilipa ziwa kisogo.

Kuhusu kubeba nitasema kwa ufupi, ingawa lingeweza kupewa makala yake. Kifaransa kina kitenzi kimoja kwa nguo na kwa mzigo, na mwanafunzi anayefikiri kwa Kifaransa hubakia na "kubeba" kwa kila mzigo. Katika kadi yetu wanawake wale wamejitwika mabeseni. Mmoja wa wale waliosimama amemweleka mtoto mgongoni, ambaye sikumhesabu miongoni mwa kumi na wanne kwa sababu kinachoonekana ni kisigino chake tu. Mwanamume ameshika usukani wa baiskeli. Wanaume wawili wanaoonekana kwa upande wana sanduku lililoning'inizwa kwenye mti, ncha moja begani kwa huyu na ncha nyingine begani kwa yule, yaani wamelibeba mzegamzega. Watu sita, namna nne za kuchukua, na kila namna ina neno lake.

Viatu ndivyo vilivyonifanya nifikirie kuandika. Watu kumi miongoni mwa kumi na wanne nimeweza kuiona miguu yao, na tisa kati yao hawana kitu mguuni. Lakini tuseme nini? Aya nyingi zilisema "hawavai viatu". Nyingine zilisema "hawana viatu". Moja iliandika "hawajavaa viatu". Ziweke sentensi hizo pamoja uone. "Hawavai" ni mazoea: si leo tu, bali hata jana na kesho, ndivyo walivyo. "Hawana" ni mali: ukienda nyumbani kwao hutakuta jozi hata moja. "Hawajavaa" inaelekeza mbele: bado, lakini watavaa. Ya kwanza ni hukumu juu ya desturi, ya pili ni hukumu juu ya mfuko, ya tatu ni hukumu juu ya nia. Picha haikutoa hukumu yoyote kati ya hizo. Iliyo salama ni ile ambayo hakuna aliyeiandika: wako peku. Miguu mitupu inaonekana, basi. Labda viatu vipo nyumbani vikisubiri Jumapili. Labda vimo ndani ya beseni, maana mvua ilinyesha na barabara ina utelezi. Labda kweli hawakuwa navyo. Mwandishi ana ruhusa ya kudhani, ila adhani kwa maneno ya kudhania: labda, huenda, inaelekea, yamkini. Lugha yetu haina uhaba wa hayo.

Kiambishi cha hatari kuliko vyote ni hu-. "Wenyeji hukaa barazani." "Wanawake hubeba mizigo mizito huku wanaume husimama." Sentensi hizi mbili nimezinakili kama zilivyoandikwa. Watoto wawili walikaa ukingoni mwa baraza, yamkini kwa muda wa kula embe, na kiambishi kikawakalisha hapo maisha yao yote. Mwanamume mmoja alisimama na baiskeli yake asubuhi moja, na tazama, wanaume wote wa Albertville wamesimama mpaka leo. Picha ni kipande cha sekunde. Hu- inataka miaka. Huwezi kuitoa hu- katika picha moja.

Hii haina maana kwamba hu- ni marufuku. Ipo njia ya kuipata, nayo ni kukusanya. Chukua mfano wa Mombasa. Katika kadi za posta za mji ule za mwanzo wa karne ya 20 kuna kigari kidogo chenye paa la turubai juu ya reli nyembamba katikati ya barabara. Ndani ameketi afisa au bibi aliyevaa nguo nyeupe, na nyuma wako wanaume wawili au zaidi walioshika mwamba wa kusukumia. Ukiangalia kadi moja, andika "wameshika". Mara nyingi picha ni kali kila mahali, bila ukungu hata kwenye miguu, na hiyo ina maana kigari kilikuwa kimesimamishwa ili kipigwe picha. Hawakuwa wanasukuma chochote wakati ule. Lakini kadi za namna hiyo ni nyingi, za miaka tofauti na barabara tofauti, na tunajua pia kutoka nje ya picha: kampuni ya Kiingereza, IBEA, ilianza kujenga reli nyembamba mwaka 1890 ikaiacha, na vyuma vyake vikatumika kutandaza njia ya vigari mjini Mombasa. Vilifanya kazi mpaka motokaa zilipovishinda katika miaka ya 1920. Mwenye kuyajua hayo anaweza kuandika bila wasiwasi: vigari vya Mombasa vilikuwa havina injini wala farasi, na wanaume ndio waliokuwa wakivisukuma. Neno "gari" lenyewe, lililotoka Bara Hindi, lilikuwako hapo kabla ya motokaa, halikungoja injini.

Sasa nirudie sentensi ya mwisho katika ile aya, "Wanawake wanauza matunda", ambayo ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni wetu sisi wa Kongo. Hapa kwetu watu wengi husema kuuza wakiwa na maana ya kununua, na kuuzisha wakiwa na maana ya kupokea fedha na kutoa kitu. Mtanzania anayesoma jarida hili atawaona wanawake hao ni wachuuzi. Jirani yangu wa Katanika atawaona ni wateja. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Hakuna fedha inayoonekana, hakuna mkono ulionyooshwa, hakuna tunda. Mabeseni yanatazamwa kutoka chini, na kilichomo hakionekani. Nadhani mwanafunzi alijua kwamba katika picha za Afrika wanawake wenye mabeseni huuza matunda, akayaona matunda.

Je, hakuna kinachoweza kujulikana? Kipo, na ni kingi kuliko nilivyotegemea. Ziwa letu liko mashariki ya mji. Mpiga picha ameelekea ziwani, na vivuli vyote vinamjia yeye, virefu. Kwa hiyo jua lilikuwa juu ya ziwa, bado chini: ni asubuhi. Ingekuwa jioni, vivuli vingeteremka kuelekea majini. Ndiyo maana pia nyuso nyingi zimekuwa nyeusi kiasi cha kutotambulika. Mwanga uko nyuma yao. Mabehewa yanatupa mpaka wa chini wa tarehe, kwa kuwa reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915. Jina la Albertville linatupa mpaka wa juu, maana liliachwa mwaka 1966. Mzungu aliye barazani, wa pekee aliyevaa viatu miongoni mwa wale ambao miguu yao inaonekana, amevaa kofia ngumu ya jua, ambayo wengi wao waliiacha baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukijumlisha, picha ni ya baada ya 1915 na huenda ni ya kabla ya 1950. Vilevile, chini ya utawala wa Kibelgiji Mwafrika hakuruhusiwa kuwa katika mtaa wa Wazungu usiku bila kibali. Kama hii ni barabara ya upande ule, na duka lenye baraza linaelekeza hivyo, basi saa chache kabla ya picha karibu wote kumi na watatu walikuwa hawaruhusiwi kuwa hapo. Asubuhi imewafungulia njia. Hayo yote yameandikwa kwa -li-, kwa sababu hayatoki katika picha bali katika historia, na ni vizuri msomaji aone mshono.

Yupo mtu mmoja ambaye sijamtaja. Ni mwanamume aliye karibu na nguzo ya pili, peke yake. Miguu ameibana, mikono ameishusha mapajani, kidevu kiko juu. Aya zote zilimpita kwa maneno mawili: "anasimama", na waliojua zaidi, "amesimama". Mimi pia ningeridhika na "amesimama", kwa kuwa ndivyo sarufi niliyoieleza hapo juu inavyotaka. Lakini nilipoirudisha kadi kwa wenyewe, nkambo wa nyumba ile, ambaye amezaliwa mji ukiwa bado Albertville, aliniomba niketi.

"Unaandika nini juu ya uyu?" aliniuliza, kidole kikiwa juu ya yule mwanamume.

"Naandika kwamba amesimama, Nkambo."

"Uyu hakusimama, mwanangu. Balimusimamisha."

Akanieleza aliyoyasikia kwa baba yake, ambaye alifanya kazi kwenye reli. Mtu wa kamera alipokuja barabarani, kapita ndiye aliyetangulia, akiwapigia watu kelele wasitembee hadi sanduku lifungwe. Wengine walitulia walipo, wengine waliondoka zao. Aliyeshikwa karibu na nguzo alisimamishwa hapo ili urefu wa nguzo uonekane. Hili la mwisho siwezi kulithibitisha, na nkambo mwenyewe alilisema kwa "ati". Lakini hebu mtazame tena mtu yule. Wale wanawake wawili waliotulia wamelaza uzito kwenye mguu mmoja, kama mtu yeyote anayengoja huku ana mzigo. Mwenye baiskeli ameegemea. Watoto wamejikunyata. Huyu mmoja tu ndiye aliyekaa kama askari kwenye gwaride, na hana bunduki wala sare.

Kiswahili kina njia ya kulisema jambo hilo ndani ya neno moja. Simama, simamisha, simamishwa. Kauli ya kutendesha inamleta mtu mwingine ndani ya sentensi, na kauli ya kutendwa inaturuhusu kumtaja bila kumjua jina. "Amesimama" inamwonyesha mtu mmoja. "Amesimamishwa" inaonyesha wawili, na wa pili yuko nyuma ya kamera, au pembeni yake anapiga kelele. Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma kila picha ya mtaa kwa kuuliza hivyo. Ameketi, au ameketishwa? Wamepangana, au wamepangwa? Ameinua mkono, au ameinuliwa? Mara nyingi jibu halipatikani, na hapo -me- ya kawaida inatosha.

Sababu ya kulishikilia jambo hili haiko Albertville tu. Mwaka 2016 na 2017, mapigano ya Watwa na Waluba yaliwafukuza maelfu ya watu vijijini mwao, na Katanika ikawa mojawapo ya mahali walipokimbilia na kujenga vibanda. Wageni walikuja na kamera nzuri. Mama yangu mdogo yumo katika picha moja iliyochapwa katika kijitabu ambacho baadaye kilinifikia. Wanawake sita wameketi chini, mmoja baada ya mwingine, madumu yakiwa mbele yao. Maelezo ya Kifaransa chini ya picha, nikiyageuza kwa Kiswahili, yanasema kwamba wanawake wa kambi hungoja msaada siku nzima. Nilimsomea. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

"Siku ile hatukungoja kitu," alisema. "Tulikuwa tunatoka mtoni na maji yetu. Yule kijana wa foto akasema mama zangu, mukae chini kidogo, sura zenu zote zionekane. Tukakaa. Alipomaliza tukajitwika, tukaenda."

Madumu yamejaa, ukiangalia vizuri utaona moja limetoa jasho. Maelezo yangeweza kuandikwa hivi, na yasingempunguzia mtu huruma: wanawake sita wameketishwa chini, madumu yao ya maji yakiwa yamejaa. Badala yake kiambishi kimoja cha mazoea kimewafanya wangojaji. Kijitabu kile hakitarudi kusahihishwa. Lakini miongoni mwetu wako watakaoandika habari, ripoti na vitabu vya shule, na wako watakaotafsiri maelezo ya picha kutoka Kifaransa kuja Kiswahili. Mfaransa anapoandika njeo yake ya sasa, mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuchagua kati ya -na-, -me- na hu-. Hawezi kukwepa. Afadhali achague akiwa ameitazama picha, si maelezo peke yake.

Nimalizie kwa aya ambayo kundi letu la wanne liliiandika upya baada ya mazungumzo na nkambo. Si aya ya kupigiwa mfano. Kuna mahali ingeweza kupunguzwa. Naiweka hapa ili wengine waikosoe katika toleo lijalo.

Ni asubuhi, Albertville, baada ya 1915. Barabara inateremka hadi ziwani. Mwanamke mmoja anapanda akitokea upande wa ziwa, amejitwika beseni. Tumejua anatembea kwa sababu mguu wake umefifia. Wawili wengine wamesimama, nao wamejitwika, na mmoja amemweleka mtoto ambaye tunaona kisigino chake. Yaliyomo katika mabeseni hayaonekani. Wanaume wawili wamebeba sanduku mzegamzega. Miguu yao iko wazi pichani, kwa hiyo nao walikuwa wametua kidogo. Mwanamume ameegemea baiskeli. Watoto wawili wamekaa ukingoni mwa baraza, na juu yao Mzungu mwenye kofia ngumu amesimama akitazama kamera. Karibu na nguzo ya pili mwanamume amesimamishwa, ndivyo anavyosema mzee wa nyumba yenye kadi hii. Waafrika tisa ambao miguu yao inaonekana wako peku. Mbali, chini karibu na maji, kuna watu wanne zaidi. Ni wadogo kama punje, na hatukuweza kujua kama wanakuja au wanakwenda.